Masikio ya Jirani wa Juu

Jumapili, 3 Machi

Leo nimemjibu waziri peke yangu. Alikuwa redioni anaeleza kodi mpya ya maji, nami nina cherehani ya mteja mezani na bisibisi mkononi. Nikasema kwa sauti, "Hiyo mliipitisha mwaka jana. Unatuuzia mbuzi yule yule kwa kamba mpya." Kisha nikanyamaza, nikingoja mke wangu anipinge. Nilingoja kama mjinga. Tulimzika Januari.

Miaka yote ya ndoa yetu yeye ndiye alikuwa mwanasiasa wa nyumba hii. Mimi natengeneza cherehani zilizoharibika. Yeye alikaa upande wa pili wa meza akinitungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu hayaoni tundu tena, na wote wawili tukabishana na redio mpaka chai ipoe. Alikuwa na huruma kwa kila aliyeshindwa uchaguzi. Mtu akishinda tu, siku hiyo hiyo anaanza kumshuku.

Basi nikiwa kimya hivyo, sauti ikashuka kutoka dirisha la juu, pole pole, kama ya mtu anayesoma tarakimu: "Si mwaka jana, Fundi. Ile ilikuwa ada. Hii ni kodi."

Nikapunguza redio. Nikarudi kwenye bisibisi yangu.

Jumatatu, 4 Machi

Wa juu ni mama mmoja mstaafu, alihamia muda mfupi kabla mke wangu hajaanza kuugua. Mtaa mzima unamwita Mama wa Simu. Alifanya kazi ya kuunganisha simu enzi zile ambapo ukitaka kusema na mtu wa mbali lazima umpitie yeye. Wanasema hakuwa anaunganisha tu, alikuwa anasikiliza, na aliyoyasikia yalikuwa na mahali pa kwenda. Sakafu yake ndiyo dari yangu, na ni mbao tupu. Nikikohoa, anajua nimekohoa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Beseni moja chini ya dirisha, jingine mlangoni.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenyekiti wa wapangaji ametuita uani. Yeye ni fundi bomba, na huzungumza na watu kama anavyozungumza na bomba lililoziba: kwa nguvu. Amesema manispaa inataka kumuuzia tajiri mmoja nyumba hizi zote, na madiwani watapiga kura mwezi ujao. Sisi tuliokaa humu tangu rangi ya kwanza tutapewa muda wa kufungasha, basi.

Imeundwa kamati ya watu watano. Nikaambiwa nikae kwenye nafasi ya marehemu mke wangu, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa mjumbe wetu. Nikasema mimi si mtu wa mikutano. Mwenyekiti akasema, "Fundi, kaa. Mdomo utakuja wenyewe."

Wakati wote huo Mama wa Simu alikuwa dirishani kwake, anakunja nguo. Nguo hizo hizo, anazikunja na kuzikunjua.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu na mumewe wamekuja, kama kila Jumapili tangu msiba. Mkwe wangu anafanya kazi manispaa, upande wa leseni za biashara. Ni kijana wa adabu. Hajawahi kuja mikono mitupu: leo mchele, sukari na lita tano za mafuta. Alininawisha mikono mwenyewe, akaniuliza habari za mgongo, habari za kazi, kisha habari za mkutano. Nikamweleza yote. Ni raha kuulizwa. Mtu ukikaa wiki nzima unaongea na vyuma, ukipata sikio hulibani.

Nilipomtaja mama wa juu akatikisa kichwa. "Baba, chunga. Watu wa kazi ile hawastaafu. Wanabadilisha ofisi tu."

Binti yangu akasema, "Na kwa nini anaongea na wewe dirishani? Mama hata miezi mitatu hajamaliza."

Nikasema aliongea yeye, si mimi.

Jumatano, 13 Machi

Mama wa Simu alibisha hodi saa ya matangazo ya Bunge. Redio yake imekufa, akaniomba asikilize kwangu. Alikuja na kiti chake mwenyewe. Nilipomwonyesha kile cha mke wangu mezani akasema, "Hapana, kile kina mtu." Akaketi karibu na mlango, mikono magotini.

Mjadala ulikuwa wa wabunge wanaohama vyama: je, mtu akihama aondoke na kiti? Mimi nikasema kiti ni cha wananchi, akihama akiache. Yeye akasema wananchi walimchagua mtu, hawakuchagua rangi ya fulana. Nikasema bila fulana wasingemjua. Akasema mke wako ungemwacha kwa kubadili gauni? Tukaendelea hivyo mpaka Spika akaahirisha kikao, na sisi hatukuahirisha.

Ana jambo moja la ajabu. Waziri akijibu swali, yeye hafuati maneno, anafuata pumzi. "Hilo jibu kaandikiwa," anasema. "Sikiliza anapovuta hewa. Anavuta katikati ya sentensi, kwa sababu hajui inaishia wapi." Nikasikiliza. Kweli.

Alipoondoka nilijikuta nimekaza nati zote za cherehani ya mteja bila kukumbuka lini nimekaza. Muda mrefu sijapata mchana kama huu.

Kisha nikafikiri. Mama huyu amekaa kwangu karibu alasiri nzima. Nyumba anayokaa inauzwa. Kamati iko chini ya miguu yake. Na hakuniuliza hata neno moja juu ya mkutano. Mtu asiyeuliza ni yule anayejua tayari.

Alhamisi, 14 Machi

Amekuja tena. Redio yake bado imekufa. Nilisema niitazame, akasema nisijisumbue.

Jumanne, 19 Machi

Tulipanga kumwendea diwani wetu nyumbani kwake asubuhi mapema, kimya kimya, kabla hajapata wa kumpangia majibu. Tumefika tumekuta kufuli. Mlinzi amesema bosi kasafiri ghafla, na jana jioni hakuwa na safari yoyote.

Tukarudi tumelowa. Njiani Mwenyekiti akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatutazama mmoja mmoja. Tulipofika uani, macho yake yakapanda mpaka dirisha la juu, yakakaa huko. Na yangu yakafuata.

Jumatano, 20 Machi

Alikuja, tukasikiliza mjadala wa barabara. Nilimpinga hata pale nilipokubaliana naye. Alipocheka nilimtazama meno nikajiuliza: hivi huyu anacheka au anafanya kazi?

Jumapili, 24 Machi

Mkwe ameleta nyama na betri za redio. Nikamwambia yaliyotupata kwa diwani. Alisikitika sana, akaguna, akasema lazima kuna mtu. Nikamwambia tusife moyo, tumempata wakili mmoja mstaafu atakayetuandikia hoja bila malipo, yule mwenye nyumba ya kijani nyuma ya soko. Akasema, "Hongera, Baba. Hapo mmecheza."

Binti yangu hakula vizuri. Alikuwa anakitazama kiti kilichokuwa mlangoni. Sasa hivi Mama wa Simu hapandi nacho tena juu, anakiacha hapa.

"Hiki cha nani?"

"Cha jirani."

"Jirani hana nyumba?"

Jumatano, 27 Machi

Wakili amejitoa. Kasema ana presha. Presha iliyoanza jana, baada ya kutembelewa na watu wawili wenye gari la manispaa. Alituongelesha kupitia nyavu za dirisha, hakufungua hata mlango.

Mvua haikatiki. Ukuta wa nyuma umeanza kuota ukungu, na sindano zangu zinapata kutu ndani ya kopo.

Alhamisi, 28 Machi

Nimehamishia meza ya kazi upande wa pili, mbali na pale mbao za dari zilipoachana. Nikiongea na mjumbe mwenzangu nafungulia redio kwa sauti kubwa. Leo, baada ya mjumbe kuondoka tu, Mama wa Simu akateremka kusikiliza Bunge. Vipi ajue saa ile ile kwamba mgeni ameondoka? Nikamuuliza. Akasema, "Nimesikia mlango, Fundi. Mlango wako unalia kama mtoto." Alijibu haraka mno.

Lakini baadaye tulibishana juu ya bei ya mbegu, akanishinda, na nikamchemshia chai. Sijui mtu anaweza vipi kumshuku mtu na kumngoja kwa wakati mmoja. Mimi naweza. Ikifika saa nane mchana masikio yangu yako kwenye ngazi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimetega mtego. Nimemwambia, kama mtu aliyeteleza ulimi, kwamba Alhamisi tunapeleka habari yetu gazetini, na mwandishi atakuja hapa uani asubuhi. Uongo mtupu. Nikisikia manispaa wamekuja Alhamisi, nimemkamata.

Aliweka kikombe chini. "Usiniambie mambo hayo," akasema. Akaomba niongeze sauti ya redio.

Alhamisi, 4 Aprili

Hakuja mtu. Hata mbwa. Mwanzo nilifurahi kiasi cha kutaka kupanda ngazi. Kisha nikajiuliza furaha ya nini. Mtu aliyezoea kusikiliza uongo wa nchi nzima kwenye waya atashindwa kuusikia wangu? Ameutambua mtego, akaukwepa. Hilo ndilo linalothibitisha kosa lake.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimesema. Kwenye kamati Mwenyekiti aliuliza nani anapeleka maneno, kukawa kimya, na kimya kile kikanielekea mimi, maana mimi ndiye ninayekaa naye. Nikaona nisipomtaja yeye nitatajwa mimi. Nikasema, "Mama wa juu husikia kila kitu. Na mimi nilikuwa namkaribisha bila kujua." Hilo la "bila kujua" nililiongeza ili nionekane safi.

Mwenyekiti akasema, "Nilijua." Wengine wote wakasema walijua.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuna aliyemjibu salamu bombani leo. Wanawake waliokuwa wanapanga ndoo zao pamoja na yake walizivuta kando. Nilikuwa mlangoni. Nilijifanya natafuta skrubu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mtu amemwaga maji machafu kwenye ngazi za Mama wa Simu, pamoja na maganda. Nilimsikia akizisugua toka asubuhi. Brashi inakwenda, inasimama, inakwenda.

Alasiri akabisha hodi. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono imekauka kwa sabuni.

"Fundi, ni wewe?"

Nikamuuliza mimi nini.

"Nimekaa miaka kwenye kazi ya sauti. Mtu akisema 'mimi nini' namna hiyo, jibu nimeshalipata."

Nikasema, "Mama, mambo yetu yanavuja. Jiweke mahali petu. Ungemdhani nani?"

"Ningemdhani huyo huyo uliyemdhani," akasema. "Ila ningemuuliza kwanza."

Akapita ndani, akakichukua kiti chake, akapanda. Ngazi zile ni nyembamba na kiti ni kizito. Sikumsaidia.

Jumatano, 10 Aprili

Bunge lilijadili magereza. Nilizima redio katikati. Hakuna raha ya kuwa sahihi peke yako.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkutano mrefu, chini ya bati, mvua inapiga mpaka mtu anamfokea aliye jirani naye. Madiwani wanakaa Jumatano. Tunataka kuingia ukumbini wengi, na wazee na watoto, tukae kwenye viti vya wananchi kabla hawajatufungia mlango. Ubishi ulikuwa juu ya mahali pa kukutania tuondoke pamoja. Wengi walitaka posta. Ikakaribia kuamuliwa posta, ndipo nikakumbuka nimeacha cherehani mbili chini ya dirisha linalovuja, nikakimbia kuzifunika. Niliporudi watu walikuwa wanatawanyika.

Jumapili, 14 Aprili

Mkwe kaleta samaki na mkate. Akaniuliza, "Baba, Jumatano mmejipangaje?" Nikamwambia: tunakutana posta saa moja asubuhi, tunaondoka kwa mguu. Akasema tuvae nguo za kutukinga na mvua. Akaniwekea chakula sahanini, ile sehemu nzuri ya mgongo.

Nikamwambia mama wa juu hashuki tena. Akasema nimefanya jambo la maana. Binti yangu alishusha pumzi akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilipaswa kufurahi.

Jumatatu, 15 Aprili

Mwenyekiti kapita. Kumbe si posta. Ijumaa nilipokimbilia cherehani zangu mjumbe mmoja alikumbusha kwamba posta imepakana na kituo cha polisi, wakabadilisha: tunakutana stendi ya mabasi. "Wewe tu ndiye hukusikia," akasema. "Sasa umesikia."

Jumatano, 17 Aprili

Nayaandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya.

Tulikutana stendi kabla jua halijachomoza vizuri, watu wengi kuliko nilivyotarajia, wamejifunika mifuko ya nailoni. Bibi mmoja alibebwa kwenye mkokoteni wa maji. Tukateremka barabara ya nyuma, tukaingia ukumbi wa manispaa kwa mlango mkubwa. Hapakuwa na askari hata mmoja. Karani wa mlangoni alituangalia kama watu waliotoka ukutani. Tulijaza viti vyote, wengine wakasimama.

Madiwani walipoingia na kutuona, mazungumzo yao yalikatika. Diwani wetu alikuwemo, amerudi safari. Alipotakiwa kuzungumza alisimama, akamtazama yule bibi wa mkokoteni aliyekuwa anakamua maji kwenye kanga yake, na kusema angependa suala hili lisogezwe mbele ili wananchi wasikilizwe. Mimi najua hakusema kwa mapenzi. Lakini alisema, na kinasa sauti kilikuwa wazi. Kura ikapigwa. Mauzo yamesimamishwa mpaka kamati ya madiwani itakapotusikiliza, mpangaji mmoja mmoja.

Nje watu walikumbatiana kwenye matope. Hapo ndipo kijana wa pikipiki, mpwa wa mjumbe mmoja, alipofika anacheka. Alisema malori mawili ya askari yamesimama posta tangu alfajiri, wamezunguka jengo lote, wanangoja, na hapo posta hakuna mtu ila mama mmoja aliyekwenda kununua stempu.

Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti akasema, "Mungu kawapoteza njia." Mwingine akasema, "Mama wa Simu leo kasikia vibaya."

Mimi nilicheka nao. Kisha nikaacha, nikahesabu nani alijua nini.

Posta. Wajumbe wote walijua stendi. Watu wa nyumba zote waliambiwa stendi. Mama wa juu, kama kweli alikuwa na sikio kwenye mbao, angesikia Mwenyekiti akinifokea "stendi" Jumatatu. Kuna mdomo mmoja tu uliosema posta, nao ni huu wangu, na uliisema kwenye sikio moja, huku nikiwekewa mgongo wa samaki.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nikaanza kuzipitia Jumapili zangu. Diwani: nilimwambia mkwe wangu Jumapili ile ya kabla yake, alipouliza tutamwendea lini, nami hata sikuona ni jambo la kuandika. Wakili: nilimwambia Jumapili, hata na rangi ya nyumba. Posta: Jumapili. Kijana yule alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikiyasifia mafuta yake kwa watu.

Ile habari ya mwandishi wa gazeti nilimwambia mama wa juu peke yake. Haikufika popote.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekwenda kwa binti yangu bila kutoa taarifa. Mumewe alikuwepo. Sikuketi.

"Posta," nikasema.

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namheshimu kidogo. Akasema, "Baba, kaa kwanza."

"Nitasikia nikiwa nimesimama."

Akasema mauzo yale hayakuwa ya kuzuiwa na mtu, yalikuwa yamekwisha pangwa juu. Akasema mkubwa wake alimwita, akajua kuwa baba mkwe wake ni mjumbe, akamwahidi kwamba akisaidia mambo yaende kwa utulivu, chumba changu hakitaguswa. Ningebaki mimi na karakana yangu mpaka nife. "Nilikuwa naokoa kinachookoleka," akasema.

"Na bibi wa mkokoteni?"

Akashika mgongo wa kiti alichotaka nikalie.

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua habari ya chumba, kwamba mumewe ananitetea kazini. Kwa njia gani, hakuuliza. "Ni nyumba ambayo Mama alifia, Baba. Nilitaka ibaki. Sikutaka kujua zaidi."

Namuamini. Nadhani namuamini. Hiki ndicho alichonifanyia mkwe wangu: hata binti yangu sasa nampima pumzi.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikulala vizuri. Nikinyamaza, mama wa juu ataendelea kusugua ngazi. Nikisema, binti yangu atakuwa mke wa msaliti mtaa mzima.

Jumapili, 21 Aprili

Hawakuja. Nilipika wali ukaungua.

Mchana niliomba watu wakusanyike uani. Si kamati tu, wote. Niliwaambia, "Maneno yaliyotufungia mlango wa diwani yalitoka mdomoni mwangu. Ya wakili pia. Ya posta pia. Niliyasema nyumbani kwangu, kwa mtu wa familia yangu, nikidhani nazungumza na mwanangu. Mama wa juu hakuhusika. Mimi ndiye niliyemtaja, na nilimtaja ili nisitajwe."

Mwenyekiti aliniuliza ni mtu gani wa familia. Nikasema hilo sitajibu. Hakuna aliyehitaji jibu. Kila Jumapili walimwona akiingia kwangu na mifuko.

Mtu mmoja alitema mate chini, si karibu sana na mimi. Mwenyekiti akasema itabidi niondoke kwenye kamati, akalisema kwa upole ambao sikumjua nao. Dirisha la juu lilikuwa limefungwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilipanda. Ni mara ya kwanza kupanda ngazi zile. Alifungua, akasimama upande ili nipite, hakusema karibu.

Chumba chake ni kitupu kuliko changu. Redio ipo juu ya kabati na inafanya kazi: ilikuwa inasoma habari. Aliona nimeona.

"Ndiyo," akasema. "Haikuwahi kufa. Nilikuwa nakusikia unamjibu waziri, halafu unangoja. Kila siku unangoja. Ikanishinda."

Nilisema niliyokwenda kusema. Nilisema vibaya, nikirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia.

Kisha akasema, "Usinifanye malaika, Fundi. Wanayosema watu ni kweli. Nilisikiliza. Tulipewa namba, ukiiona inawaka unabaki kwenye waya. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekuwa akimpigia dada yake kila mwisho wa mwezi. Siku moja alisema jambo kuhusu wakubwa, nami nikaliandika kama lilivyo. Nilikutana naye sokoni baada ya miaka. Mkono mmoja haukuwa unanyanyuka. Alinisalimia vizuri sana. Hakunijua. Sauti yangu ndiyo angeijua, nikamwitikia kwa kichwa." Akapunguza redio. "Tangu hapo sitaki kuambiwa la mtu. Hata la kuuzwa nyumba yangu mwenyewe."

Nilikwenda kuomba radhi kwa kumshuku mtu, na mtu mwenyewe akanipa sababu. Nilishuka nikiwa mwepesi na mzito.

Jumatano, 24 Aprili

Ameteremka saa ya Bunge. Hatukuzungumza chochote cha uani. Mjadala ulikuwa wa posho za wabunge, na kwa mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja. Ikawa kazi kuijaza alasiri.

Jumapili, 5 Mei

Binti yangu alikuja peke yake. Alimkuta Mama wa Simu hapa, akamwamkia, "Shikamoo, Mama," kwa sauti ya kunong'ona, akaenda moja kwa moja kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alipoondoka akasema mumewe ameomba uhamisho. Kisha akasema, "Usiniulize kama naenda naye." Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimeshika mwavuli upande wake.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua zimepungua. Leo nimetoa cherehani nje zikapata jua.

Jumapili, 12 Mei

Uchaguzi mdogo wa kuziba nafasi yangu kwenye kamati. Wagombea wawili: fundi seremala wa nyumba ya mwisho, na Mama wa Simu.

Wanawake wa bombani ndio waliompendekeza, nadhani kwa aibu ya ndoo. Alikataa, wakamsihi, akakubali. Jana alishuka akasimama mbele ya meza yangu.

"Fundi, kesho usininyanyulie mkono kwa kunionea haya. Sitaki kura ya kulipia dhambi. Ukiona nafaa, sawa. Ukiona sifai, uwe mtu mzima."

Nimelala nikiliwaza jambo hilo. Leo wakati wa kunyanyua mikono nilimfikiria kama mgombea tu. Kichwa anacho. Lakini anamwonea huruma diwani wetu, anasema alisimama siku ile kwa moyo, na mimi nasema alisimama kwa woga, na mbele ya kamati ya madiwani woga ule ndio wa kuushika na kuubana. Seremala angeubana. Nikamnyanyulia mkono seremala. Watu waliniangalia kama shetani. Mwenyekiti alisahau kuhesabu, ikabidi aanze upya.

Mama wa Simu ameshinda, kwa mikono michache.

Hakupita kupongezwa. Alikuja moja kwa moja kwangu, hata viatu hakufuta.

"Seremala," akasema.

"Ulisema niwe mtu mzima."

"Nilisema. Sikusema uwe kipofu. Seremala huyo anamjua diwani tangu utotoni. Walikula sahani moja. Umemchunguza?"

"Huo ni umbea."

"Ni habari. Na wewe, kuna mtu alikuambia umpigie? Nani alikuja hapa jana baada yangu? Nilisikia mlango."

Nikamwambia alikuja mteja kuchukua cherehani yake. Akauliza mteja gani. Nikamtajia. Akauliza mbona hakumwona akitoka na cherehani. Nikasema haikuwa imekwisha. Akanitazama kwa muda, anasikiliza ninavyovuta hewa. Nilivuta taratibu, kwa makusudi, akaliona hilo pia.

"Bado sikuamini," akasema, akavuta kiti cha upande wa pili wa meza, kile chenye mtu, akaketi bila kuuliza. Sikumzuia. Akaanza kunieleza, hoja moja baada ya nyingine, kwa nini nilikosea, na mpaka giza lilipoingia tulikuwa bado hatujafika kwa diwani.